Miaka Aliyobebewa Siwatu

Ipo nchi ambayo wasafiri huiingia wawili wawili. Aingiaye peke yake huiona kama nchi nyingine yoyote, mchanga na mawe na kelele za watu, akapiga picha zake akarudi kwao. Lakini waingiao wawili, wenye kupendana, hao nchi huwapokea kwa namna yake. Siwatu hakulijua hilo. Aliingia akiwa mgonjwa, ameegemea bega la binti yake, na laiti angelijua asingelivuka hata maji ya kwanza.

Huyu Siwatu alikuwa opereta wa simu. Ujana wake na utu uzima wake aliumaliza katika chumba kisicho na dirisha, vipokea sauti vimemziba masikio, akichomeka nyaya huku na kuchomoa kule, akiunganisha watu asiowajua na watu wasiomjua. Alivisikia visiwa kabla ya kujua viko upande gani wa dunia. Alisikia mawimbi nyuma ya sauti ya mtu anayeuliza habari za mahari, kengele za mahekalu nyuma ya mtu anayetangaza msiba, honi na vicheko vya miji mikubwa nyuma ya kijana anayemdanganya mama yake kwamba anakula vizuri. Dunia nzima ilipita masikioni mwake, na yeye hakupita popote. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kike mwenye mashavu ya kujaa kama maandazi yaliyoumuka, na kwa mashavu hayo mtoto akaitwa Mashavu, jina la utani lililolifukuza jina la cheti. Siwatu alimlea akimwambia kwamba siku atakapostaafu atafunga begi mgongoni kama wale vijana wa kizungu, aende kuyaona kwa macho yale aliyoyasikia kwa masikio. Alipostaafu, kilichokuja si safari. Yalikuja maradhi ya mapafu, na daktari akamwita Mashavu pembeni, akazungumza naye akitazama sakafu.

Mashavu alikuwa fundi wa majokofu, mwanamke mbishi, asiyeolewa wala asiyesikitika kwa kutoolewa, mwenye mikono yenye harufu ya gesi na sabuni. Aliposikia ya daktari hakulia. Alifunga karakana, akanunua begi kubwa la mgongoni, akalijaza dawa za mama yake na khanga mbili na kisu cha matunda. Siwatu alipinga, akasema mgonjwa hasafiri, mgonjwa hulala akasubiri. Mashavu akamjibu kwamba mgonjwa haulizwi uji. Wakaondoka.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa kidogo mno hata mtu akipiga chafya upande huu aliombewa heri upande wa pili. Boti iliwashusha majini mpaka magotini, Mashavu akambeba mama yake mgongoni na begi akalivaa kifuani, akatembea nao hivyo mpaka mchangani, mbele mzigo, nyuma mzigo, akicheka. Walipanga kibanda cha makuti kwa mwanamke aliyekausha mwani. Hapakuwa na saa kisiwani pale. Jua lilichomoza likajikalia, likashuka lilipotaka. Siwatu alikaa barazani akasikia mawimbi, akayatambua. Aliwahi kuyasikia haya haya, miaka mingi nyuma, nyuma ya sauti ya mwanamume mmoja aliyempigia mkewe kila Ijumaa kisha ghafla akaacha.

Jioni ya kwanza Siwatu alikula changu mzima, akalamba na mifupa. Mashavu alimtazama akila kama mtu anayetazama taa iliyokuwa imezimika ikiwaka. Kikohozi kikapungua. Kwenye kisiwa cha pili Siwatu aliacha kuegemea bega. Katika kisiwa cha tatu, penye soko la samaki na vijana wengi wenye mabegi kutoka pande zote za dunia, alipanda kilima mbele ya binti yake, na alipogeuka akamwona Mashavu amesimama chini, ameshika kiuno, anahema. Wakacheka wote wawili. Mashavu alikuwa ameota mvi upande wa kushoto, na Siwatu, akimsuka, alizing'oa moja moja akimtania kwamba karakana imemzeesha. Zilipokuwa nyingi aliacha kuzing'oa.  Ndiyo njia ya furaha hiyo: ikija baada ya maradhi, mtu haiulizi imetoka wapi.

Huko visiwani Siwatu alianza kuwaza mambo ambayo chumba cha simu hakikumpa nafasi ya kuyawaza. Wakati ni nini, alijiuliza, akiwa amelala chali majini, masikio chini ya maji, macho juu ya mbingu. Watu husema wakati unapita, lakini yeye aliona ni watu wanaopita, wakati umekaa tu kama maji haya, na kila apitaye huchota kiasi cha kiganja chake. Je, maji niliyoyachota mimi yalikuwa ya nani kabla yangu? Je, yupo aliyeinuka mikono mitupu kwa sababu mimi nilijaza? Mawazo haya yalimjia bila uzito, yakaelea, yakaondoka. Na chini yake kulikuwa na sauti nyingine, ya vipande vipande, kama simu inayokatikakatika:

Niko wapi. Niko hapa. Hapa ni wapi. Hapa ndipo nilipokuwa nikipaunganisha. Haloo. Nani anaongea. Ni mimi. Mimi yupi. Subiri, usikate. Usikate.

Wakaviacha visiwa, wakapanda basi la milimani mpaka mji wa mahekalu. Begi sasa alibeba Siwatu. Mji ule ulikuwa wa mawe na ngazi. Juu ya kila ngazi palikuwa na hekalu, na mbele ya kila hekalu sanamu ya mfalme, na kila mfalme alichongwa na uso wa kijana ambaye ndevu hazijamkolea. Maua ya manjano yalimwagwa mlangoni asubuhi na kufagiliwa mchana. Kengele zililia mfululizo. Siwatu alisimama katikati ya kelele hiyo, machozi yakamtoka, maana hizi nazo alizitambua.

Walifikia katika nyumba ya wageni ya Bi Rehani. Wenyeji walimtaja kwa heshima hata Siwatu akatarajia kikongwe, lakini aliyewafungulia mlango alikuwa msichana wa kuchumbiwa, ngozi laini, shingo ndefu, macho tu yaliyochoka. Aliwatazama, akamtazama tena Mashavu, kisha akamkaribisha yeye kwanza na kumwekea mto wa kuegemea, kama afanyiwavyo mkubwa. Mashavu alikaa bila kupinga. Mashavu yaliyompa jina yalikuwa yameshuka, ngozi imeachana na mfupa. Siwatu aliliona hilo siku ile kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza picha iliyoning'inia ukutani kwake tangu zamani. 

Asubuhi iliyofuata, Mashavu akiwa bado amelala, Siwatu alimkuta Bi Rehani uani akichambua mchele. Alimuuliza bila kuzunguka binti yake ana nini. Bi Rehani hakuacha kuchambua. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe alikuja nchi hii na mumewe, zamani ambazo hata mawe ya baadhi ya ngazi zile yalikuwa hayajawekwa. Alikuja akiwa anaumwa, mume akiwa mzima. Katika nchi hii, alisema, miaka hutoka kwa anayependa zaidi ikamwendea anayehitaji zaidi. Haisimami yenyewe. Mumewe alizikwa akiwa babu na yeye akabaki hivi, na hajui atabaki hivi mpaka lini.

"Hao wafalme unaowaona mlangoni," Bi Rehani akasema, "walikuja huku na watoto wao. Mfalme wa hekalu kubwa alikuwa na watoto wa kiume wengi. Alikuja na mmoja mmoja, na kila mara alirudi peke yake. Watu wakamwita mwenye baraka. Mpaka leo wanamwagia maua."

Siwatu akauliza kama miaka ile hairudi.

"Hurudi. Lakini sharti aliyetoa aiombe kwa kinywa chake, naye ajue anaomba nini. Mpokeaji hawezi kuirudisha kwa nguvu. Mimi nilipiga magoti, mwanangu. Sikusaidiwa na magoti." Aliposema mwanangu, akiwa na uso ule wa kisichana, ilikuwa sahihi, na hilo lilimtisha Siwatu kuliko yote aliyoyasikia.

Alimpata Mashavu kwenye ngazi za hekalu kubwa, amekaa kwenye ngazi ya chini kwa sababu za juu zilimshinda. Tumbili walikuwa wakigombea ganda la ndizi karibu naye. Siwatu alikaa, akamshika ule mkono wenye makovu ya bisibisi, akamuuliza kama alijua. Mashavu akasema alijua. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuguza mwenziwe hospitalini alimnong'oneza habari za nchi hii, siku ile ile ya daktari.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Basi ndiyo sababu."

Akaeleza, kwa sauti iliyokuwa na mikwaruzo ambayo Siwatu hakuizoea, kwamba alidhani miaka itatoka kidogo kidogo, kama maji ya bomba, naye ataona mama yake amepata ya kumtosha kutembea kisha atasema basi. Lakini kila alipomwona anakula, anapanda kilima, anaelea majini, neno lile halikutoka. Alisema hakuna aliyemwonea. Alikuwa na miaka mingi mbele yake, na hakuwa na la maana la kuifanyia zaidi ya kuyafufua majokofu ya watu.

Siwatu akamwambia kwamba hata kama angeitumia yote kwa kulala, ni yake. Akamwambia kwamba yeye ameishi, amezaa, amezika mume, ameviona visiwa, na sasa ameziona na kengele. Hana anachodai. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mama katika ukoo wao aliyewahi kulifanya: alishuka ngazi moja, akapiga magoti mbele ya mtoto wake.

"Iombe, Mashavu. Sema tu, mama nirudishie miaka yangu. Sema."

Mashavu alimtazama. Wapita njia waliokuwa wakipanda na maua yao waliwaona msichana amempigia bibi magoti, wakaona ni adabu njema, wakapita.

"Nikuombe ufe?" Mashavu akasema. "Hapa, ngazini? Niondoke na maiti yako mgongoni?"

"Nitakufa kama watu wanavyokufa. Mzazi hutangulia."

"Mimi bado sijashiba kukuona," Mashavu akasema, akageuza uso. Ule ubishi wake ulikuwa haujazeeka hata siku moja.

Siwatu alijaribu kila njia. Alitaka warudi walikotoka, lakini basi la kurudi lilikuwa likiondoka jana, siku zote jana. Kila walipofika kituoni waliambiwa hivyo na watu waliosema kwa upole. Alijaribu kumkimbia binti yake, akidhani umbali utakata kile kilichowaunganisha. Alitembea mpaka mwisho wa mji, akasimama chini ya hekalu la mwisho, na hata pale, peke yake, alihisi damu yake ikipata joto na magoti yake yakipata grisi mpya, akajua kwamba huko nyuma Mashavu anazidi kuinama. Basi akarudi mbio. Kama miaka itatoka, afadhali itoke akiwa amemshika mkono.

Njia pekee iliyokuwa wazi ilielekea jiji. Wakaenda jiji.

Jiji lile lilikuwa na kelele tamu. Vyakula vilikaangwa barabarani mchana kutwa, vitambaa vya kila rangi vilining'inia madirishani, na kila kona ilikuwa na muziki wake uliogombana na muziki wa kona nyingine. Vijana wenye mabegi walijaa kila mahali, wanacheka, wanapeana habari za njia. Walimwita Siwatu akae nao, maana walimwona ni mwenzao. Yeye na Mashavu walipanga chumba juu ya duka la vitambaa, chenye dirisha lililotazama barabara. Mashavu hakuweza tena kushuka ngazi. Alikaa dirishani siku nzima, khanga mabegani, akitazama watu kwa furaha ya mtoto.

Kila asubuhi Siwatu alimkalisha, akamwosha uso, akamwomba aombe. Alimfundisha maneno kama mtu anayemfundisha mtoto kusema shikamoo. Mwanzo Mashavu alikataa akijua anachokikataa. Kisha siku zikaja ambapo alikataa bila kujua. Aliomba maji, akapewa. Aliomba uji, akapewa. Aliomba dirisha lifunguliwe. Miaka hakuiomba, maana alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuwa nayo.

Siku moja ya sikukuu Siwatu alishuka kutafuta mapapai. Barabara ilikuwa imejaa ngoma. Mwanamke mmoja asiyemjua alimshika mkono akamvuta duarani, na mwili wa Siwatu, ule mwili mpya asiouzoea, ukaitika kabla yake. Akacheza. Miguu ilikuwa myepesi, kifua kilipokea hewa yote kiliyotaka, jasho lilimtiririka mgongoni kama zamani kabla ya mume, kabla ya mtoto, kabla ya chumba kisicho na dirisha. Watu wakampigia makofi. Kwa muda ule hakuwa mama wa mtu wala opereta wa simu wala mgonjwa aliyepona. Alikuwa anaishi tu. Na ndani ya ule utamu ikamjia fikra, haikubisha hodi: kwamba asubuhi ile hakumwomba Mashavu aombe. Na asubuhi ya jana. Akajaribu kukumbuka ya juzi.

Hivi ndivyo inavyoanza, aliwaza, amesimama ghafla katikati ya wachezaji. Wafalme wale hawakuanza na uovu. Walianza na mapenzi ya mtoto mmoja, na asubuhi moja waliyosahau kukataa. Mwili ukishaonja hauulizi ulichoonja kimetoka sahani ya nani.

Alipanda ngazi mbio, mapapai hakununua. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Mashavu aligeuza kichwa, kidogo sasa, cheupe kama pamba, akamtazama kwa macho yaliyojaa ahueni.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Nilianza kuogopa."

Siwatu alisimama mlangoni. Akasema, "Mashavu, mimi ndiye mama yako."

Bibi kizee akacheka kwa upole, meno yakiwa mawili matatu. "Usinitanie."

"Ni kweli. Mimi ni Siwatu. Nilikuzaa siku ya mvua, ukawa na mashavu ya kuvimba, baba yako akasema huyu ameletwa ameshakula. Umenipa miaka yako. Niombe, tafadhali. Niombe sasa hivi."

"Miaka ipi?" Mashavu akauliza. Hakuwa akibisha. Aliuliza kwa nia njema, kama mtu anayetaka kumsaidia mwenziwe kutafuta kitu kilichoanguka. Kisha uso wake ukaanza kujikunja, hofu ikaingia, akanyoosha mkono akipapasa hewa. "Mwanangu? Uko wapi mwanangu?"

Na Siwatu akaona kwamba kilichobaki kumpa mtoto wake ni kimoja tu. Akapiga magoti kwa mara ya pili, akaweka kichwa chake kwenye mapaja yale membamba.

"Labeka, mama," akasema. "Nipo."

Mkono ukamshuka kichwani, ukamsuguasugua nywele nyeusi nyingi. Mashavu akauliza kama amekula. Akajibu amekula. Akauliza kama huko nje watu wamemfanyia wema. Akajibu wamemfanyia wema. Wakakaa hivyo mpaka muziki wa chini ukachoka.

Mashavu alifariki asubuhi, madirisha yakiwa wazi, wauza vitambaa wakiwa wanatandaza bidhaa zao. Alikata roho bila kusumbua mtu, na hata pale mwili wake ulipoanza kupoa mkononi mwa Siwatu, Siwatu alihisi afya. Alihisi njaa. Hakuna adhabu aliyoichukia kuliko ile njaa.

Wanawake wa jirani walikuja, kwa kuwa jiji lile lilikuwa na kelele lakini halikukosa utu. Walimwosha marehemu, wakashona sanda, wakamshika Siwatu asianguke. Walimwambia mzazi hutangulia, ndivyo Mungu alivyopanga, nawe umemtunza mama yako mpaka mwisho, radhi zake umezipata. Aliwasikiliza. Mara moja alifungua kinywa akasema, "Ni mwanangu," na wakatazamana, mmoja akamfuta machozi na kunong'ona kwamba majonzi humchanganya mtu.

Desturi ya jiji lile ni kwamba maiti akishalazwa huitwa kwa jina lake na jina la mama yake, ili huko aendako asipotee. Mzee wa makaburi, mtu mwenye kanzu iliyopauka, alimwendea Siwatu akamuuliza marehemu aliitwa nani. Akajibu, Mashavu.

"Na mama yake?"

"Siwatu."

Mzee akarudia majina kwa sauti ya chini ili asiyakosee. Kisha, kwa kutaka kumfariji, akamuuliza na yeye jina lake.

"Siwatu."

Uso wa mzee ukalainika. "Kumbe ulipewa jina la bibi yako," akasema. "Vizuri sana. Jina la mtu mwema haliachwi likafa."

 Mzee akageukia kaburi, akaita, "Ewe Mashavu binti Siwatu," na yale yaliyofuata Siwatu hakuyasikia. Udongo ukarushwa. Watu wakaanza kutawanyika kurudi kwenye kazi zao. Siwatu alibaki amesimama, mrefu, mzima, kifua wazi, miaka yote ile ikiwa imejaa mbele yake kama nyumba iliyohamwa na watu.

Yule mwanamke aliyemfuta machozi akamshika kiwiko.

"Twende, binti," akamwambia kwa huruma. "Wewe bado mdogo. Utasahau."